Pingo la Leocadia

Mwaka ule Leocadia alitia pingo mlango wa kibanda cha kimbunga, na bonde zima la tumbaku likamsema.

Kibanda chenyewe kila mtu alikijua. Baba yake alikijenga nyuma ya nyumba, mbali na banda la kukaushia tumbaku na mbali na mitende mirefu. Ni nguzo za mti mgumu zilizoegemezwa mbili mbili kutoka ardhini mpaka zikakutana juu, makuti yakashushwa pande zote hadi kugusa udongo, na ndani pakachimbwa shimo la kumfika mtu mapajani. Hakina ukuta wala dirisha. Upepo ukija unakuta mgongo tu, unaupanda na kushukia upande wa pili. Mlango ni kibao kidogo upande wa magharibi, unaingia kwa magoti. Nyumba ngapi zimekwenda na maji, paa la kanisa limewahi kuokotwa mtoni, lakini kibanda kile kilibaki palepale.

Na kilikuwa na sheria yake, ya tangu zamani. Mtu akibisha wakati wa kimbunga anafunguliwa, awe rafiki, awe mwizi wa kuku, awe askari. Baba yake Leocadia aliwahi kumwingiza askari wa farasi aliyemcharaza viboko mbele ya wanawe mwezi mmoja tu kabla. Walikaa magoti kwa magoti kutwa nzima, wakala nyama ya nguruwe kwenye debe moja, na upepo ulipokwisha askari akashika njia yake bila hata kuaga. Ndiyo maana mlango haukuwa na kitu zaidi ya kitanzi cha kamba cha kuuzuia usipigepige.

"Pingo la nini tena, bibi?" Práxedes mwenye duka alimwuliza huku akimpimia misumari. "Umefukia dhahabu mle?"

"Nitamweka binti yangu mle," Leocadia akamjibu. "Wewe pima misumari."

Waliokuwa dukani waliangalia sakafu, maana habari walikuwa nayo. Nieves, binti yake wa pekee, alirudi nyumbani mwezi wa tisa kwa miguu, mtoto mchanga begani, mkono wa kushoto ukining'inia. Mumewe, Eladio, alimvunja kwa mpini wa jembe kwa sababu kahawa ilikuwa imepoa. Kabla ya mkono yalikuwa meno mawili, na kabla ya meno kulikuwa na mengine ambayo Nieves hakumwambia hata mama yake. Kila baada ya kipigo Eladio alikuja analia, anapiga magoti, mke wangu hivi, roho yangu vile. Safari hii Leocadia alimngoja mlangoni na panga, akamwambia avuke kizingiti kama ni mwanamume. Hakuvuka. Alikwenda dukani, akanywa ramu yake, akasema mbele ya watu bila haya.

"Acheni akae kwa mamaye. Kimbunga kikija najua pa kumkuta. Lile shimo lina mlango mmoja, na sheria inasema nifunguliwe. Nitammalizia mlemle, na mwanangu natoka naye."

Wanaume waliomsikia walisema hiyo ni ramu inaongea, si yeye. Hivyo ndivyo walivyo. Binti wa mwenzao akivunjwa mkono wanasema ya mtu na mkewe msiyaingilie. Mama yake akitia kipande cha mti mlangoni, hapo ndipo wanakumbuka mila. Kina Cordero, ambao kila mwaka walijifichia kwa Leocadia na watoto wao wote, walituma salamu kwamba mwaka huu wangekwenda shule ya mawe, ng'ambo ya mto, kwa kuwa wao hawaingii kaburi lenye kufuli. Leocadia akawajibu kwamba kaburi likiwa wazi halimsaidii aliyemo.

Pingo alilichonga kwenye gogo la mti uleule mgumu wa nguzo, akapigilia vishikizo viwili vya chuma alivyovitoa kwenye gari bovu la ng'ombe. Alikuwa amepiga magoti ndani ya shimo anagonga misumari, Casimira akaja akachungulia. Casimira ni mama yake Eladio. Tangu wasichana, yeye na Leocadia walikaa benchi moja la kuchambulia majani ya tumbaku, na watoto wao walipooana walicheza pamoja mpaka viatu vikawaishia miguuni.

"Mkwe mwenzangu, hilo ulifanyalo si jambo," Casimira alisema. "Baba yako angekuona angekulaani."

"Baba yangu alimfungulia aliyempiga yeye. Hakuna aliyewahi kumpiga mtoto wake akafunguliwa."

"Ni mwanangu yule, Leocadia."

"Najua. Wewe hujakatazwa kuingia."

"Mwezi wa sita alikata makuti ya kibanda hiki. Upande wote huu wa kaskazini kaufunga yeye, kwa mikono yake. Mtu aliyekata makuti ana nafasi yake humu, ndivyo tulivyokuta."

"Mikono hiyohiyo ndiyo iliyomvunja binti yangu. Nipe huo msumari hapo."

Casimira akainama akampa msumari. Hakuondoka. Alikaa pale akimshikia kibao mpaka kazi ikaisha, huku machozi yanamtoka, na Leocadia alijifanya hayaoni kwa sababu angeyaona angelia naye.

Redio ya dukani iliposema kimbunga kimeipita Jamaika na kinapinda kuja kwetu, Leocadia alikuwa tayari ameanza. Alipanda mparachichi mwenyewe, mwanamke wa umri wake, akakata matawi yote yaliyoelekea nyumbani. Akapigilia mbao madirishani. Akazungusha kamba juu ya paa la nyumba na kuzifunga kwenye mawe. Banda la tumbaku, lile refu kuliko kanisa, alilifungulia milango ya pande zote mbili ili upepo upite usisukume, ingawa alijua, kama tujuavyo wote, kwamba banda la tumbaku huwa ndilo la kwanza kuanguka na hakuna mtu mwenye akili anayejificha humo. Akachinja nguruwe. Nieves, kwa mkono wake mmoja, alikoroga vipande kwenye mafuta mpaka vikaiva, wakavifukia kwenye debe pamoja na mafuta yake, wakachemsha mihogo ya kutosha, wakajaza madumu ya maji. Picha ya Bikira Mtakatifu iliteremshwa ukutani ikaviringishwa kwenye blanketi la mtoto. Mtaimbo, shoka, panga lake na godoro moja vikaingizwa kibandani. Kutwa hiyo Leocadia alikuwa anageuka kuangalia barabarani. Upepo hakuuogopa sana, alizaliwa nao. Aliogopa mtu mmoja mwenye miguu miwili.

"Mama," Nieves alimwambia wakiwa wanafunga kuku miguu, "na kama hatakuja kwa ubaya? Kama atakuja kwa kuogopa upepo tu, kama watu wengine?"

"Unamtetea?"

"Simtetei. Nauliza. Utamwacha nje afe?"

Leocadia alifunga kuku mwingine. "Atafute pengine," alisema. Lakini swali halikumtoka, kwa sababu hata yeye alikuwa amelelewa ndani ya sheria ile, na hajawahi kusikia mtu aliyeachwa nje.

Kesho yake asubuhi mbingu ilikuwa na rangi ya shaba. Upepo ulianza kutoka kaskazini-mashariki, kwanza kwa mikupuo, halafu moja kwa moja. Casimira alikuja ameinama, shuka kichwani, kisu cha jikoni kila mkono. Akavichomeka ardhini mbele ya mlango, vikipishana, kuikata dhoruba, kama alivyofanya mama yake na mama wa mama yake.

"Eladio yuko wapi?" Leocadia alimwuliza.

"Sijui. Hakulala nyumbani."

Wakaingia. Nieves alikaa pembeni kabisa na mwanawe Remigio kifuani. Leocadia akatia pingo, akaketi, mgongo wake mlangoni. Makuti yalikuwa yanavuma, nguzo zinalia, na mara kwa mara kitu kizito kilianguka mahali fulani huko juu ya ardhi. Mto ulikuwa umepanda, wakausikia nao.

Kisha mlango ukagongwa.

"Mamkwe. Ni mimi Eladio. Nifungulie, mvua inaniua."

"Nenda shule," Leocadia alipiga kelele bila kugeuka.

"Nitavukaje? Daraja limekwenda. Mamkwe, nakuomba. Nimekosa, najua nimekosa. Nieves! Mke wangu, roho yangu, mwambie mama anifungulie."

Nieves alifumba macho. Alimbana mtoto kifuani mpaka mtoto akaanza kulia.

Casimira alishamkamata Leocadia mkono. "Fungua. Unamsikia? Anaomba. Hajalewa, nakwambia mimi mama yake hajalewa. Leocadia, mbele ya Mungu, hakuna aliyewahi kuachwa nje."

Na Leocadia alitikisika, isisemwe hakutikisika. Mkono wake uligusa pingo. Halafu akasogea pembeni, akaonyesha ufa kati ya kibao na fremu.

"Chungulia wewe. Niambie mwanao ana nini mkononi."

Casimira akaweka jicho kwenye ufa. Akakaa hapo.

"Ana nini?"

"Wewe fungua tu. Nitamshika mimi."

"Casimira, nimekuuliza ana nini mkononi."

Casimira alirudi nyuma akaketi kwenye udongo. "Panga," alisema. "Kalificha nyuma ya paja."

Basi Leocadia akarudisha mgongo wake mlangoni, na kule nje maneno matamu yakaisha palepale. Eladio alipiga teke kibao, akapiga tena. Akamwita Nieves majina ambayo hayafai kuandikwa, akamwita mama yake mwenyewe malaya mzee anayekaa na wauaji. Pingo lilishika. Vishikizo vilishika. Halafu mateke yakakoma, na kukoma kwake kulikuwa kubaya zaidi kuliko mateke, kwa sababu Leocadia alielewa mara moja anakokwenda.

Alikuwa anakwenda upande wa kaskazini. Yeye ndiye aliyeufunga. Alijua kila fundo liko wapi.

Panga lilipita kwenye makuti karibu na kichwa cha Nieves. Likatoka, likaingia tena. Nieves alijitupa chini juu ya mtoto. Mafundo yakakatika, kuti likang'oka, na kwenye tundu ukatokea mkono wa Eladio mpaka begani, unafyeka hewani bila kuona, kushoto, kulia, chini. Leocadia aliingia katikati. Panga lilimpata mkononi, chini ya kiwiko, likafika mfupani, na hakusikia maumivu hata kidogo, alisikia joto la damu tu. Aliushika mtaimbo kwa mikono yote miwili akausukuma kupitia tundu kwa nguvu zake zote. Uligonga kitu laini, kisha kitu kigumu. Eladio akapiga ukelele. Mkono ukachomoka. Leocadia akasukuma tena, na tena, mpaka mtaimbo haukukuta kitu isipokuwa upepo.

"Umemuua," Casimira alisema.

"Sijamuua. Ziba tundu."

Maana sasa upepo ulikuwa umepata mlango wake. Uliingia kwenye tundu ukainua makuti kutoka ndani, nguzo zikaanza kupanda na kushuka udongoni, na hakuna asiyejua kwamba kibanda kikishashika hewa ndani kinaondoka chote na waliomo. Casimira alimtazama mjukuu wake chini ya tumbo la Nieves. Kisha akachukua godoro, akalibana kwenye tundu, akageuka akaliegemea kwa mgongo, miguu ameikita kwenye ukuta wa shimo, analia kwa sauti huku akisukuma. Leocadia aliichana sketi yake, akaufunga mkono kwa meno, akaenda kusukuma pamoja naye. Wakakaa hivyo, bega kwa bega, wale wawili waliokwisha kuchukiana.

Haukupita muda, wakasikia mlio mrefu wa mbao zinazopasuka, na ardhi ikatikisika chini yao.

"Banda la tumbaku," Casimira alisema. "Kaingia mle. Hakuwa na pengine pa kwenda." Alimgeukia Leocadia uso kwa uso, wamekaribiana kama vile wakati ule wa benchi. "Wewe ndiye umempeleka mle."

Ndani ya moyo wake Leocadia alifurahi, akaona aibu kwa kufurahi, na aibu ilipopita akakuta furaha bado ipo.

Kisha, kama ilivyo kawaida yake, upepo ukakatika ghafla. Mwanga wa jua ukaingia kwenye tundu. Ndege mmoja akalia. Ni jicho la kimbunga limefika, na watu wa kwetu hawadanganywi na jicho: unapata muda wa kuchemsha sufuria ya kahawa na kuinywa, basi, halafu upepo unarudi kutoka upande wa pili ukiwa na hasira zaidi. Mtu mwenye busara anabaki ndani. Casimira alikuwa tayari ameshalitoa pingo na kutambaa nje.

Leocadia alimfuata, panga mkononi. Hakujua mwenyewe anamfuata kumsaidia au kumzuia.

Banda lilikuwa limelala chini lote. Eladio walimpata kwa sauti yake. Alilala chali katikati ya fito na makuti, na boriti kuu ya paa, lile gogo ambalo wanaume sita walilipandisha zamani, lilimkalia kifuani kwa ncha moja. Ncha ya pili ilikuwa imekwama juu ya lundo la mbao, ndiyo maana alikuwa bado hai. Jicho lake moja lilikuwa limefumba kwa pigo la mtaimbo.

"Mama," alisema. "Mama, nitoe. Sipumui vizuri."

Casimira alijitia chini ya boriti akainua. Haikusogea. Akainua tena mpaka mishipa ya shingo ikamtoka. "Leocadia," alisema, na hakusema zaidi ya hilo.

Leocadia alisimama. Alifikiria mkono wa Nieves, alifikiria meno mawili. Alimfikiria pia baba yake na yule askari, nyama kwenye debe moja. Mbinguni upande wa kusini-magharibi ukuta mweusi wa mawingu ulikuwa unakuja. Akatupa panga, akainama, akaweka bega lake lenye nguvu chini ya boriti karibu na la mwenzake. Wakainua pamoja. Boriti ikapanda, kidogo, kisha zaidi, mpaka wakasimama nusu wima wakiwa wameibeba.

"Toka," Leocadia alimwambia Eladio. "Toka upesi, hatuwezi kukaa nayo."

"Miguu haifanyi kazi. Mtu anivute."

Hapakuwa na mtu wa kumvuta. Wao wawili wakiachia tu, inamrudia. Ndipo wakamwona Nieves. Alikuwa amemwacha mtoto kibandani, anakuja kati ya mbao, mkono mmoja kwenye bandeji, uso mweupe.

"Rudi ndani!" mama yake alimfokea.

"Nitamvuta," Nieves alisema. "Nyie shikilieni."

Alisimama upande wa kichwa cha mumewe, akainama, akampa mkono wake mzima, ule mmoja aliobaki nao. Eladio akaushika. Nieves akaegemea nyuma avute, na hapo akahisi kwamba mkono hauji. Unamvuta yeye.

Eladio alikuwa anatabasamu. "Sasa?" alimwambia. "Sasa utakwenda wapi?"

"Eladio, niachie. Upepo unarudi."

"Uliniacha nje kama mbwa. Ulikaa ndani ukinisikia." Alimvuta, Nieves akaanguka kwa magoti. Alijitupa nyuma kwa uzito wake wote lakini vidole vile vilikuwa vimefunga. Na mkono wa pili wa Eladio ulikuwa unapapasa kwenye makuti, unapapasa, mpaka ukakuta ulichokuwa unatafuta. Panga lake lilikuwa ubavuni pake muda wote.

Leocadia aliliona panga likiinuka na hakuweza kufanya lolote. Boriti ilikuwa begani. Akiiachia anamuua mtoto wa mwenzake mbele ya macho yake; asipoiachia anamwangalia wake akichinjwa. Aligeuza kichwa akamtazama Casimira.

"Mwanangu, mwachie," Casimira alisema. Sauti yake ilikuwa ya upole, kama ya kumwita mtoto mezani. "Mwachie mkeo, tutoke."

"Ngoja kwanza nimalizane na huyu."

"Eladio. Ni mama yako nakwambia. Mwachie."

"Nyamaza wewe, bibi kizee. Wewe inua."

Casimira alivuta pumzi. Jasho na maji ya mvua vilikuwa vinamtiririka mpaka mdomoni. Hakumtazama Leocadia alipolisema neno lenyewe.

"Toa bega."

Leocadia hakusikia vizuri, au alisikia akaogopa.

"Nimesema toa bega, Leocadia. Nitaiachia mimi. Wewe toka chini yake isije ikakuponda."

Leocadia akatoka. Kwa muda mfupi sana Casimira alibaki peke yake chini ya boriti, mwanamke mwembamba wa miaka hamsini na kitu, akiwa ameibeba yote. Kisha akajitupa pembeni.

Panga lilianguka kwenye makuti bila kukata kitu. Vidole havikufunguka. Nieves alikuwa anavuta na kupiga kelele, anavuta na kupiga kelele, na ilibidi Casimira apige magoti pale, kando ya uso wa mwanawe, avifungue kimoja kimoja kutoka kwenye kifundo cha mkono wa binti wa watu. Alipomaliza aliulaza ule mkono juu ya ardhi, akamfumba Eladio jicho lililokuwa wazi. Upepo wa kwanza wa upande wa pili ulikuwa umeshafika miguuni pao. Leocadia aliwashika wote wawili nguo za mgongoni akawaburuta mpaka kibandani.

Nusu ya pili ilikuwa mbaya kuliko ya kwanza, maana sasa upepo ulipiga mlangoni moja kwa moja. Waliulalia mlango wote watatu. Nieves alikuwa na alama nne nyekundu kwenye mkono. Mtoto alilia mpaka akachoka, akanyamaza, akaanza tena.

Upepo ulipoanza kulegea, Casimira alinyoosha mikono.

"Nipe mjukuu wangu."

Nieves alimtazama mama yake. Leocadia aliangalia chini, kwenye mkono wake uliokuwa unavuja damu; alikuwa hana la kumwamulia mtu yeyote tena siku hiyo. Nieves akampa.

Casimira alimweka mtoto kifuani, akamfunika kwa upindo wa sketi yake iliyolowa. Halafu akasema, kwa sauti yake ya kawaida, ile ya kuongea benchini huku mikono ikichambua majani:

"Baba yake Eladio alikuwa akinishika mimi hivyohivyo. Hapa, kwenye kifundo. Nilikuwa sikuambii. Eladio alikuwa anasimama mlangoni, mdogo hivi, anatuangalia, analia. Na mimi nilikuwa namwambia nyamaza, mwanangu, baba kachoka tu. Kila siku namwambia hivyo. Nyamaza, baba kachoka."

"Basi, mkwe mwenzangu," Leocadia alisema. "Nyamaza sasa."

"Sinyamazi," Casimira akasema.

Akaanza kumlilia mwanawe. Alimlilia kwa sauti kubwa kupita ya upepo, akimwita kwa jina la utotoni ambalo hakuna mtu aliyelitumia tangu Eladio apate ndevu, na mtoto mikononi mwake akalia pamoja naye, wala hakumbembeleza anyamaze.